Makasha Juu ya Ziwa

…fungua mdomo babu, anasema, kana kwamba mdomo wangu ni mlango wa duka, na ni binti mdogo tu huyu Daktari Irankunda, mtoto wa Ulyankulu, kaniamkia vizuri kabisa, shikamoo babu, marahaba mwanangu, lakini mkononi ana koleo, na mimi Fideli niliyepaa angani vita vya Kagera nimebana meno kama fisi aliyepata mfupa, na huko nje kwenye benchi namsikia Nyamizi, mke wangu, anawahubiria wagonjwa wote wa mtaa huu wa Ng'ambo, mume wangu alikuwa mtu wa ndege za vita, mabomu alikuwa anayakalia kama kigoda, jino ni kitu gani kwake… kukalia nilikalia, hapo hajaongopa, ndege kubwa ya jeshi, makasha ya mabomu yamepangwa mpaka karibu na paa, na sisi vijana wawili, mimi na Ngassa wa Nzega, kazi yetu kuyafunga kamba yasitembee, wala hatukumrushia mtu hata moja, tuliwapelekea wenye mizinga… babu, nikuchome ganzi, huumii… ngoja mwanangu nimeze mate… siku ile juu ya ziwa tukaingia kwenye wingu, ndege ikarukaruka kama punda aliyeumwa na nyuki, kamba ikakatika, kasha moja likaanza kututelezea polepole kama mama mkwe anayekuja kusalimia, nikaanza Salamu Maria nikamalizia na sala ya kubariki chakula, Ngassa akaliwekea mgongo, nami nikaweka wangu, tukalizuia hivyo hivyo mpaka tukatua, na tangu hapo namheshimu Ngassa kuliko paroko, akija Tabora nampisha kiti, nampa firigisi ya kuku, mwanamume asiyetetemeka… babu, mbona umening'ang'ania mkono?… kweli nimemshika, tena najisikia nikimwambia, nakushika usije ukaogopa mwanangu… we! haya maneno si yangu, ni ya Ngassa, ndivyo alivyoniambia pale kwenye kasha, lete mkono Fideli, usije ukaogopa, na kiganja chake kimelowa kama kambare, nami miaka yote nikidhani jasho lile ni langu… ni lake! Ngassa alikuwa anaogopa, mwongo mkubwa, na firigisi zangu zote hizo kala!… babu, unacheka au unalia?… sijui mwanangu, ila kitu fulani kifuani kimelegea, kumbe tulikuwa waoga wawili na kasha halikujua, basi hata mimi siku ile nilisimama vizuri, hata mimi… naogopa, namwambia, tena kwa sauti, naogopa sana… naye anatazama mlangoni, anainama sikioni kwangu, hata mimi babu, leo ndiyo mara yangu ya kwanza kung'oa bila msimamizi… Yesu na Maria… jino lipo palepale, koleo liko hewani, na mdomo nimeshaufungua.