Mashine Inayonguruma Siku ya Wageni

Kijito chetu huku Muleba ndicho kinachotuambia kiwandani wanatengeneza nini. Maji yakiteremka ya bluu, ni sare za shule. Yakiwa mekundu kama ya machinjioni, ni fulana za kupeleka Ulaya. Mke wangu Kokushubila aliyachota miaka yote hiyo, akapikia ndizi, akaogea. Figo zikakataa kazi. Hospitalini Bukoba daktari hakusema ni maji. Mimi nasema ni maji. Shule niliishia darasa la nne, lakini macho ninayo.

Nilipomwambia mwenyekiti wetu wa kitongoji, Gozbert, alicheka. "Maji yale ni salama, Mwijage. Kama unabisha, lete ushahidi."

Ushahidi nilikuwa nimeuzika kibanjani, chini kule migomba inapoishia, kama tunavyozika watu wetu.

Halafu wanunuzi wa Ulaya wakakataa nguo mpaka maji ya kiwanda yawe yanasafishwa, na mkaguzi aje athibitishe. Hapo ndipo nikakumbukwa. Gozbert alikuja na meneja wa kiwanda, Muharami, kijana wa mjini mwenye viatu vyeupe. Walitaka mahali pa kuchimba bwawa la kusafishia. Lazima liwe bondeni ili maji yateremke yenyewe, na bondeni ni kwangu, palepale penye kaburi.

"Kuna bonde jingine," nikasema. "Lile lenye kahawa ya mwenyekiti."

Gozbert akaangalia viatu vya Muharami. "Lile lina mawe, waitu, ndugu yangu."

"Siku hizi mawe yanazaa kahawa?"

Muharami hakucheka. "Mzee, tutafunga mashine ya kupuliza hewa majini. Mle kuna vijidudu vinavyokula uchafu. Vikipata hewa, kazi yao ni kula tu. Maji yatatoka safi."

Jioni ile binti yangu Agnetha, anayeshona kola pale kiwandani, alinipigia magoti. "Tata, wasipothibitishwa watafunga kiwanda. Na watoto wa jirani wanakunywa maji hayohayo aliyokunywa mama."

Hilo la watoto ndilo lililonishinda. Nikakubali. Lakini sikuruhusu mtu wa kiwanda ashike jembe. Tulichimba mimi na ndugu wa ukoo, tukamtoa Kokushubila, tukamlaza upya karibu na mlango wa nyumba. Blanketi nililomzika nalo lilikuwa bado na rangi yake. Nikachukua na machipukizi ya migomba aliyoipanda yeye, nikayapanda miguuni pake.

Bwawa likachimbwa. Siku ya ufunguzi mashine ilinguruma, viongozi wakapiga makofi, wakala pilau. Walipoondoka, ikanyamaza. Nikasubiri. Mwishowe nikaenda kumuuliza Muharami.

"Umeme ghali, mzee. Tunaiwasha inapohitajika."

Inahitajika lini nilikuja kujua mwenyewe. Gari la wageni likikata kona pale barabarani, inanguruma. Likiondoka, kimya. Vile vijidudu vyake vilishakufa vyote kwa kukosa hewa, bwawa likawa linanuka hadi ndani kwangu, na watoto wa jirani wakaendelea kuchota.

Wiki ya ukaguzi walisimamisha kutia rangi, yakaja maboza yakamwaga maji ya ziwa bwawani mpaka likang'aa. Mkaguzi alikuwa mama mmoja wa hijabu na buti za mpira, Yasmin. Alichota maji kwenye chupa zake kwa uangalifu. Yule sikumchukia. Akaniuliza mbele ya wote kama nina malalamiko. Agnetha alikuwa amesimama getini na wenzake, anatikisa kichwa taratibu: Tata, usiseme.

Nikasema. "Hayo uliyochota yameletwa na boza. Na hiyo mashine imewashwa kwa ajili yako. Lala hapa kwetu, kesho utasikia kimya chake."

"Mzee wetu ana msiba," Gozbert akadakia. "Tangu mke afariki, kichwa kidogo..."

"Msiba ninao. Na kichwa ninacho."

Yasmin aliandika. "Maneno yako nitayaweka kwenye ripoti, baba. Lakini mimi napima maji ninayoyakuta. Na ndege yangu inaondoka Bukoba leo."

Vumbi la gari lake halijatua, mashine ikazimwa. Baadaye cheti kikabandikwa getini, na kwenye geti hilohilo Agnetha akazuiwa kuingia. Akaambiwa kola zimetosha. Alirudi na mkasi wake mkononi, akapita pembeni yangu kama anapita kisiki.

Jana wameanza fulana nyekundu. Leo asubuhi nimechukua panga nikaikata migomba ya Kokushubila, ile ya miguuni pake. Vigogo vyake vilikuwa vizito kwa maji. Nikavisokomeza kwenye bomba linaloteremka kutoka kiwandani, nikavipigilia kwa jiwe mpaka rangi ikaacha kupita. Sasa inarudi ilikotoka.

Nimekaa mlangoni. Huko juu wanawake wanapiga kelele, sakafu imejaa maji. Agnetha ametoka ndani, ameangalia kaburi lilivyobaki bila migomba.

"Wenzangu wamo mle, Tata. Wamesimama kwenye hayo maji."

Nimeliweka panga chini.

Gozbert ameteremka na mgambo wawili, suruali zao zimelowa wekundu hadi magotini. "Mwijage! Zibua bomba, utalala ndani leo!"

"Nitalala. Zibua wewe. Ingiza mkono tu, vigogo viko karibu."

Amekunja shati mpaka kwenye kiwiko. Ameinama. Wekundu unavuja taratibu kandokando ya vigogo, una povu. Amekaa hivyo, mkono hewani, kisha amegeuka kuwaangalia mgambo wake. Mgambo nao wanaangaliana.

"Ni salama, mwenyekiti," nimemwambia. "Si ulisema?"

Bado wamesimama pale, wote watatu, wanayatazama maji.