Filamu Iliyorudishwa kwa Wakati

Barua ya polisi ilifika maktabani Manjakkadavu Jumanne asubuhi, na mihuri yake mitatu. Sulochana, mkutubi, aliisoma akiwa amesimama. Akaketi, akaisoma tena. Kisha akaifunika kwa kichane cha ndizi alicholetewa na mwanachama mmoja, kana kwamba barua nayo ikifunikwa itaiva ipungue ukali.

Ilipofika adhuhuri akaifunua. Ilikuwa kali vilevile.

Barua ilisema hivi: tarehe tano ya mwezi uliopita, filamu iitwayo Mkwe wa Kapteni, ambayo wakati huo ilikuwa haijamaliza hata wiki mbili kwenye majumba ya sinema, ilichukuliwa bila ruhusa kupitia laini ya mtandao ya maktaba hii. Na haikuishia kuchukuliwa. Kwa siku kumi na nne, usiku na mchana, laini hiyohiyo iliwagawia filamu hiyo watu elfu nne mia moja na kumi na wawili. Kufikia Ijumaa maktaba imtaje aliyefanya hayo, na ieleze inausimamiaje mtandao wake. Isipomtaja, yenyewe ndiyo itakuwa mkosaji: laini itakatwa, kompyuta zote mbili zitachukuliwa, na mkutubi atakwenda kujieleza kwa hakimu.

Sulochana alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye kiti kile. Alimjua mzee anayesoma hadithi za mapenzi ndani ya jalada la kitabu cha kilimo cha pilipili manga. Alimjua bibi harusi aliyeazima kitabu cha sheria ya talaka wiki moja kabla ya ndoa. Hajapata kumwambia mtu, hata mumewe. Alichosoma mtu ni siri ya mtu, ndivyo alivyofundishwa. Sasa aambiwe amtaje mtu kwa polisi?

Na shida kubwa zaidi ilikuwa hii: alimjua.

Pale kwenye kompyuta palikuwa na daftari. Kila mwenye kutumia mashine aandike jina, saa, na alichokuwa akitafuta. Watu wengi huandika "kazi", basi. Mmoja huandika "kazi" kila siku na hana kazi tangu kiwanda cha vigae kifungwe. Ni mtu mmoja tu aliyeandika kila kitu, kwa mwandiko uliosimama wima kama wanafunzi kwenye mstari. Sulochana akafungua ukurasa wa tarehe tano, jicho moja amelifumba:

"Devayani, mwanachama namba 2. Saa nne na dakika kumi asubuhi. Nimeazima filamu: Mkwe wa Kapteni. Kurudisha: tarehe 19."

Na chini yake, kwa wino mwekundu: "Imerudishwa kwa wakati. Hali nzuri."

Bibi Devayani alikuwa na miaka themanini na moja. Marehemu mumewe, mwanachama namba 1, ndiye aliyeanzisha maktaba kwa vitabu arobaini alivyobeba kichwani ndani ya sanduku la chai. Na kompyuta, nani alimfundisha Bibi? Sulochana mwenyewe, kwenye darasa la wazee, Alhamisi, miezi mitatu. Bibi ndiye aliyeongoza darasa.

"Mwalimu," Sulochana alimwambia mwenyekiti wa kamati, Mwalimu Achuthan, alipokuja kusoma gazeti lake la jioni, "tumekwisha."

Mwalimu akasoma barua, akasoma daftari, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shuka lake jeupe.

"Daftari hili limeliwa na mchwa," akasema.

"Halijaliwa, Mwalimu."

"Litaliwa leo."

"Mchwa wale ukurasa wa tarehe tano tu, waache mingine?"

"Mchwa wetu wamesoma. Wamekulia maktabani."

Sulochana akacheka bila kupenda, kisha machozi yakamtoka, kisha akacheka tena. Mwalimu akamwambia ale ndizi.

Jumatano kamati ikakutana. Huko kwao jambo halijawa jambo mpaka kamati ikutane. Wajumbe wakanywa chai mizunguko miwili, wakamaliza bajia za dengu, wakapitisha maazimio manne: kulaani barua, kumpongeza mpishi wa bajia, kuunda kamati ndogo, na kumwomba Mwalimu Achuthan alitunze daftari "mahali ambapo mtu mwenye adabu hawezi kutafuta." Kuhusu Bibi, wote walikubaliana asiambiwe kitu, maana ana dawa za moyo. Sulochana akampelekea ujumbe kwamba Ijumaa maktaba haifunguliwi, inapulizwa dawa ya mchwa.

Yeye peke yake alikuwa na azimio la tano, ambalo hakumwambia mtu. Ijumaa atasema ni yeye.

Ijumaa saa tano akaja Inspekta Shihabuddin wa kitengo cha mitandao, na mkoba mwembamba na viatu vinavyong'aa hata ukaogopa kuvitazama. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na tano hivi, mpole wa sauti, na wapole wa sauti ndio wa kuogopwa. Akaketi. Mwalimu Achuthan alikuwa amekwisha kuketi, wima kuliko siku zote, na mrefu kuliko siku zote.

"Dada," Inspekta akasema, "sina haja ya kuwasumbua. Nataka jina, na nataka kuona mnavyowaandikisha wanaotumia mashine."

"Jina ni langu," Sulochana akasema. "Ni mimi, Afande."

Mwalimu Achuthan akapaliwa na chai yake.

Inspekta akamtazama Sulochana, sari yake ya pamba, miwani yake iliyofungwa kwa uzi. "Wewe ulichukua filamu."

"Ndiyo."

"Kwa programu gani?"

"Ile... ya kijani."

"Ya kijani. Ukawagawia watu elfu nne."

"Nina ndugu wengi."

Kalamu ya Inspekta ikasimama. "Filamu inahusu nini?"

"Inahusu kapteni." Sulochana akaweka sawa miwani yake. "Na mkwe wake."

"Mwisho inakuwaje?"

"Mwisho wanapatana."

"Hawapatani," ikasema sauti mlangoni. "Kapteni anazama. Wewe nani amekudanganya wanapatana?"

Bibi Devayani alikuwa amesimama kizingitini, mwavuli mkono mmoja, kitabu mkono wa pili. Sulochana akamkimbilia.

"Bibi, si nilikutumia habari kwamba leo kuna dawa ya mchwa?"

"Ulinitumia. Na kitabu changu mwisho wake ni leo. Miaka hamsini na nane sijachelewesha kitabu, nije nicheleweshwe na mchwa?" Akakiweka mezani. Akanusa. "Na dawa yenyewe siisikii." Kisha akamgeukia mgeni, akamtazama kutoka viatu hadi kichwa, akarudi kwenye masikio. "Wewe si mtoto wa Mariyumma wa mashine ya kukoboa mpunga?"

"Ndiye mimi, Bibi," Inspekta akasema, na bila kujua akawa amesimama.

"Masikio hayapotei. Keti. Mnataka habari za filamu? Mbona imo kwenye daftari. Liko wapi daftari?"

Sulochana akatazama dari. Mwalimu Achuthan akatazama nje, akasema mifenesi mwaka huu imezaa sana.

Bibi akawatazama wote wawili, kisha akamtazama Mwalimu peke yake, namna alivyorefuka kitini.

"Achuthan," akasema. "Nyanyuka."

"Bibi, mgongo wangu..."

"Mgongo wako nimeujua tangu ukibebwa. Nyanyuka."

Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mkuu mstaafu, baba wa mabinti watatu, akanyanyuka. Daftari lilikuwa pale kitini, lina joto. Bibi akalikung'uta kwa upande wa sari, akalifungua tarehe tano, akamwekea Inspekta mbele kama mtu anayemwandalia mgeni chakula.

Inspekta akasoma. Akafika kwenye wino mwekundu, akarudi juu, akasoma tena. Bega lake moja likaanza kutikisika kidogo.

"Bibi, hapa umeandika umerudisha."

"Ndiyo. Mjukuu wangu wa Sharjah alinionyesha kwa simu namna ya kuichukua, maana magoti yangu hayapandi ngazi za sinema. Nikaitazama. Nzuri, ila nyimbo nyingi. Ilipokwisha, mashine ikaniuliza kama nataka kuendelea kuwapa wengine. Nikasema, tazama, hata mashine ina adabu. Nikabonyeza ndiyo. Ukutani pameandikwa kuazima ni siku kumi na nne, basi siku ya kumi na nne nikazima."

"Ile haikuwa kurudisha, Bibi. Ile ilikuwa kugawa."

"Na maktaba ni nini, mwanangu?"

Mwalimu Achuthan akasema "Naam" kwa sauti kubwa, akaona anatazamwa, akaketi.

Inspekta akavuta kiti karibu. Wala hakukasirika, alieleza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Kitabu kikitoka hapa, rafu inabaki wazi. Akikirudisha mmoja, ndipo anachukua mwingine. Au si hivyo?"

"Ndivyo."

"Filamu ile wewe umewapa, na wewe ukabaki nayo. Na wao wamewapa wengine, na wamebaki nayo. Hakuna aliyerudisha. Na mwenye filamu hajaulizwa hata na mmoja."

Bibi akazitazama rafu.

"Wamebaki nayo?"

"Wamebaki nayo."

"Wote elfu nne?"

"Mia moja na kumi na wawili."

"Na siku kumi na nne zimeshapita?"

"Zamani, Bibi."

Bibi Devayani akaketi, taratibu, mwavuli ukamdondoka. Sulochana akakimbilia maji, akiuliza zile dawa za moyo ziko wapi. Lakini Bibi hakuwa na hofu ya hakimu wala ya polisi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefungua kabati akakuta rafu zote tupu.

"Sijapata kuona aibu kama hii," akanong'ona. "Elfu nne, na hakuna hata mmoja aliyerudisha. Niandike. Andika jina langu, mwanangu, kwa herufi kubwa. Na huyu Sulochana mfute, hajui hata kapteni alizama."

"Afande, ana miaka themanini na moja," Sulochana akasema. "Kama ni kufunga, mimi ndiye niliyemfundisha. Makosa yangu."

Inspekta akafunga kalamu. "Dada, nisikilize. Barua iliuliza mambo mawili: nani, na mnasimamiaje. Nimezunguka vibanda vya mtandao vya wilaya nzima. Nimeonyeshwa madaftari yenye majina ya waigizaji. Nimeonyeshwa moja lililojaa 'kazi' mpaka jalada."

"Hata letu lina 'kazi' nyingi," Mwalimu Achuthan akasema.

"Hili linajibu yote mawili kabla hujauliza. Maktaba iliyoandikisha watu wake, ikamtaja aliyekosea, ikazuia lisirudiwe, haina kosa. Mlichokuwa mkikificha ndicho cha kuwaokoa. Mngeendelea kukikalia, leo ningeondoka na kompyuta hizo mbili."

Sulochana akamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama mifenesi.

"Na Bibi?" Sulochana akauliza.

"Bibi ataandika hati ya kukiri na kuahidi. Nitaipeleka kwa wenye filamu pamoja na nakala ya ukurasa huu, waone ni mwizi wa namna gani. Wao ndio wataamua, lakini sitaki kusema uongo, ukurasa huu utawashinda. Ninyi ondoeni programu ile kwenye mashine leo, na mbandike tangazo. Na wewe Dada, siku nyingine usikiri kosa ambalo hujui linaishaje."

"Na adhabu ya maktaba?" Bibi akauliza. "Msinipite."

Sulochana akasema: "Wiki mbili bila kompyuta, Bibi."

"Sheria ya marehemu mume wangu ni mwezi."

"Basi mwezi."

"Mwezi. Usinionee huruma mbele ya watu." Akaokota mwavuli wake. "Sasa niletee zile kadi za njano."

Kadi za njano ndizo maktaba huwapelekea wachelewaji: Ndugu mwanachama, tafadhali rudisha ulichoazima. Sulochana alikuwa na mafurushi matatu kabatini. Akamwekea Bibi mezani bila kuuliza. Inspekta alipokuwa akiondoka na hati yake, Bibi alikuwa kwenye kadi ya sita, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Jina hakulijua hata moja kati ya wale elfu nne. Aliandika tu: "Wewe uliyechukua filamu kwangu."

"Utazipeleka wapi, Bibi?" Mwalimu Achuthan akamuuliza.

"Kazi yangu ni kuandika. Njia itatafutwa na kamati."

Kamati ikakutana Jumatano.

Wiki ya tatu ikaja barua ya wenye filamu. Hawakuwa na dai tena juu ya maktaba wala juu ya Bibi; waliomba tu wabaki na ile nakala ya ukurasa, wameibandika ofisini. Sulochana aliisoma akiwa amesimama, akaisoma akiwa ameketi, kisha akaizungusha kichwani kama leso ngomani, kwa kuwa maktaba ilikuwa tupu. Haikuwa tupu. Yule mzee wa pilipili manga alikuwa nyuma ya rafu, akapiga makofi.

Jioni ileile mtu mmoja akaingia akiwa na nguo za nyumbani, anatazama chini. Ni masikio yaliyomtambulisha. Mkononi alishika kadi ya njano yenye jina lake, imepitia ofisi nzima ya polisi ya wilaya kabla ya kumfikia, kila meza imeweka alama yake ya chai.

"Imenikuta kazini," Inspekta Shihabuddin akasema. "Wameisoma wote. Mkuu wangu ameisoma kwa sauti kwenye gwaride."

Akatoa chini ya kwapa kitabu cha rangi ya udongo, Ndege wa Mabwawa Yetu, alichoazima akiwa darasa la saba; Bibi ndiye aliyekikuta kwenye daftari la zamani, hakijarudishwa, akamwandikia kadi.

Bibi Devayani, ambaye adhabu yake ilimkataza kompyuta lakini si kuketi, akanyoosha mkono. Akafungua ukurasa mmoja mmoja. Akasimama kwenye ukurasa wa korongo.

"Umekunja pembe."

"Nilikuwa mtoto, Bibi."

"Korongo naye alikuwa mtoto?"

Sulochana akapiga muhuri. Bibi akavuta daftari, akachovya kalamu kwenye wino mwekundu, akafikiri sana, kisha akaandika: "Imerudishwa. Hali ya wastani."