Makunyanzi ya Anti Puto

Dobi alikuwa akipiga pasi koti la bwana mkubwa wa halmashauri, lile la kijivu la kwendea mikutano, alipohisi kitu kigumu mfukoni. Pasi ilikuwa imeshapita. Harufu ya plastiki ikapanda, naye akajua mara moja binti yake alikoificha simu, maana asubuhi alikuwa amemkataza kuishika.

Kioo cha simu kilivimba kama lengelenge, kikapasuka, na Anti Puto akatoka.

Alikuwa yule yule wa kwenye video za watoto: gauni la njano, nywele kafunga mafungu mawili juu, sauti ya kutoboa masikio. Ila upande wa kushoto alikuwa na makunyanzi kuanzia begani mpaka kwenye unyayo, kwa sababu huko pasi haikufika.

"Hujambo, rafiki yangu! Ulinikumbuka?" Akanyamaza akitabasamu, mkono sikioni, kama afanyavyo siku zote ili watoto wapate kujibu.

"Nimeunguza koti la watu kwa ajili yako," dobi akasema.

"Vizuri saaana!" Anti Puto akapita ndani kumtafuta mtoto.

Mtoto alikuwa darasa la pili. Tangu mama yake azikwe, simu ndiyo iliyokuwa ikimlea, baba akiwa kazini. Zamani dobi angemwambia nenda kacheze kiwanjani, lakini kiwanja halmashauri ilikizungushia mabati, na humo ndani wakubwa wanaegesha magari yao. Shule nayo ilitoa agizo kwamba kazi za nyumbani zote zifanyiwe kwenye simu. Kisha wazazi wakaitwa kikaoni, wakakalishwa kwenye viti vya watoto, wakakaripiwa kwamba wanawaacha watoto na simu.

Anti Puto alihamia moja kwa moja. Alichagua kiti cha marehemu, kile cha dirishani ambacho dobi mwenyewe hakuwahi kukikalia. Hakula, hakulala. Alifungua vikasha, akaimba majina ya rangi, na katikati ya wimbo akasifia biskuti kwa sauti ile ile. Mtoto hakumtazama tena baba yake. Akiletewa chakula alifumbua kinywa tu, shingo haigeuki.

Jirani yao, mshonaji, alikuja kuazima mkasi.

"Kumbe na wako ametoka?"

"Ametoka."

"Afadhali wako, shemeji, ana adabu. Kwangu limetoka lile jamaa la video linaloponda magari. Limeponda mpaka cherehani."

"Si ulifukuze?"

"Nililifukuza. Wanangu wakalia mpaka wakatapika, nikalifuata barabarani mwenyewe nikalibembeleza lirudi." Akauangalia mkasi. "Huu nao butu kama nini."

Dobi akalikunja koti, akaenda nalo halmashauri. Kuomba radhi ilikuwa sababu ya kumfikisha mlangoni. Alichotaka ni watoto warudishiwe kiwanja.

Bwana mkubwa alikuwa kazini na mwanawe. Juu ya meza, katikati ya mihuri, chura wa kijani mwenye kofia alikuwa akimfundisha mtoto huyo kuhesabu. Bwana mkubwa alisogeza mguu wa chura ili apate pa kuweka saini.

"Koti limeungua, mkubwa, nisamehe. Lakini nimekuja na la kiwanja. Mtoto wangu hanitazami tena."

"Mzazi ni nani, mimi au wewe?"

"Ni mimi."

"Basi simamia nyumba yako. Mpangie muda."

"Na kiwanja?"

"Kiwanja kina mpango wake."

"Mpango gani, na mmeshajaza magari?"

Chura akasema sasa tupige makofi. Mtoto akapiga. Bwana mkubwa naye akapiga, macho kwenye karatasi zake, kwa mazoea. Dobi akaliacha koti juu ya kiti akaondoka.

Alipofika nyumbani mtoto alimpokea mlangoni, jambo ambalo lilikuwa limekwisha sahaulika.

"Baba, mnyooshe Anti. Yale makunyanzi yanamuuma."

"Kasema yanamuuma?"

"Hasemi. Mimi naona."

Dobi akawasha mkaa. Anti Puto akapanda mezani, akalala chali bila kuambiwa. Mtoto alishika bakuli la maji, akawa anamnyunyizia baba penye kukauka, akimwangalia mikono, kisha uso. Dobi alitandika kitambaa chepesi juu ya gauni, kama anavyofanya kwa hariri, akaanzia unyayoni.

"Rafiki yangu!" Anti Puto akasema chini ya kitambaa. "Leo umechoka?"

Akanyamaza, mkono sikioni. Tangu msiba hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza dobi swali hilo.

"Nimechoka," akajibu. "Mama yake hayupo. Na huyu mtoto, mchana kutwa, sijui nimpeleke wapi."

Akasubiri. Anti Puto naye alisubiri, tabasamu halipungui.

"Vizuri saaana!"

"Baba, hapa bado," mtoto akasema, akaonyesha kiunoni kwa kidole kilicholowa maji. Alikuwa bado anamtazama.

Dobi akapunguza mwendo wa pasi. Nje gari lilipiga honi lifunguliwe mabati, likafunguliwa, likaingia. Alipofika begani aliliruka kunyanzi moja refu, akaiweka pasi chini.

"Hilo la kesho," akasema.