Behewa la Ndizi Lililopaa Voi

Naapa kwa kaburi la mama yangu, ambaye hakupenda uongo hata wa kumbembelezea mtoto: haya ni kweli tupu, na asiyeamini akaulize reli yenyewe.

Ilikuwa miaka ya hamsini, masika, nami kibarua wa reli pale Voi. Treni ya Taveta ikaleta behewa la ndizi mbichi, mali ya Katunge. Huyu Katunge alikuwa ameuza ng'ombe wa mumewe, Wambua, ili azinunue, na Wambua alimwambia mbele ya watu, "Zikifika Mombasa mbichi, wewe ni mfanyabiashara. Zikiivia njiani, unarudi Machakos kumlimia mama yangu."

Sasa, njia ya Mombasa ilikuwa imebebwa na mafuriko. Behewa likasimama. Na humo ndani, nyuma ya ndizi, mtu alikuwa amepakia pipa la kabaidi, yale mawe ya kijivu ya kuwashia taa. Yakiingia maji yanatoa gesi. Gesi hiyo ikikutana na cheche, kwaheri ya kuonana. Ikikutana na ndizi mbichi, ndizi inaiva kama imekemewa.

Paa likavuja. Tukasikia ndani, tsssss! Harufu kama ya kitunguu saumu ikatoka.

"Fungueni!" Katunge akalia.

"Komeo limeshika kutu," akasema Obadiah, msimamizi wetu. "Linataka nyundo, na nyundo itatoa cheche. Unataka tufike mbinguni na ndizi zako?"

"Basi lisukumeni pale chini ya banda!"

"Pale kuna injini zina moto, mama."

"Basi zuieni hayo maji!"

Obadiah akatazama mawingu.

Hapo tukaishiwa. Wanaume wazima tumesimama mvuani, mikono kwapani. Watu wa Voi, ambao mwaka mzima tunaomba mvua, siku hiyo kanisa zima lilikuja kuomba iache. Ikazidi. Katunge akawa anachungulia penye ufa, akitutajia: "Mkungu wa mlangoni umeingia njano. Na huu wa pili. Jamani, na huu."

Ndipo ile gesi, ambayo ni nyepesi kuliko hewa, ikajaa hadi behewa likanyanyuka relini, polepole, kama mja mzito akitoka kitini, likapita juu ya tangi la maji likielekea milima ya Sagala...

Nilikuwa nimefika hapo juzi, nikisimulia kwenye harusi kwa jirani yangu Mwandawiro, bibi mmoja mwenye mkongojo akakohoa.

"Mzee Danson, lilipaa?"

"Lilipaa, mama. Kwa macho haya."

"Mimi ndiye Katunge."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Lilikaa palepale. Mvua ilipoacha wakalifungua, ndizi zimekuwa uji. Nikalima Machakos mpaka mama mkwe akafa, ndipo nikaja kukaa hapa Voi. Na wewe nakukumbuka. Ulikuwa umesimama mbali kuliko wote."

Nikavua kofia.

"Utalipa," akasema. "Mkungu mmoja wa Taveta. Mbichi."

Asubuhi nikaubeba begani kutoka sokoni hadi mlangoni kwake. Akaukagua kidole kwa kidole, bila haraka.

"Hiki kimeanza njano."

"Kidogo tu, mama."

"Rudisha."

Nikaupandisha tena begani, na jua la Voi lilikuwa limeshawaka.