Chaguo Lililokatwa

Mwanzoni mchezo wa Josée ulikuwa na machaguo mawili kila hatua, mara chache matatu. Jioni, rezo ya simu ikipatikana, alituma hali kwenye kikundi cha WhatsApp: msafara umefika darajani, mlinzi amelala, mvua inakuja. Mnapita kimya au mnamwamsha? Wachezaji walichagua, Josée akarusha kete mezani kwake huko Rugenge, mtaa ulio karibu na ziwa, kisha akawaandikia yaliyowapata. Kila mmoja alikuwa na mtu wake katika msafara huo. Marie-Rose, aliyesuka nywele pamoja na Josée katika saluni moja, alikuwa mwizi aliyeokoka. Pitchou, binamu yake aliyekuwa akisoma Bujumbura, alikuwa mfanyabiashara wa chumvi. Nyandwi, mkulima wa mpunga kule Runingu, alikuwa mganga anayeogopa damu. Walicheka sana siku hizo.

Pitchou ndiye aliyetaka machaguo yaongezwe. Alisema mawili ni mtihani wa shule ya msingi. Anayecheza anataka kujiona huru. Wengine wakamuunga mkono. Josée hakuwa mtu wa kubishana. Aliongeza yakawa manne, kisha sita, kisha akafika herufi H. Ili yasifanane ilibidi kila moja lipewe maelezo yake, na maelezo yalihitaji mahali, na mahali alipopajua vizuri palikuwa hapa hapa: Kiliba, Runingu, Kavimvira, mto Ruzizi wa mpakani. Polepole msafara ukaiacha nchi ya kubuni, ukaingia katika tambarare yao wenyewe.

Majibu yakaanza kuchelewa. Siku nyingine hayakuja kabisa.

"Minye nasoma mpaka mega zinaisha," Marie-Rose alilalamika kwa ujumbe wa sauti. "Nikifika kwa H, A nimeisahau. Zamani tulikuwaka tunacheka. Sasa tunafanya examen."

"Weye ni mvivu tu," Pitchou akajibu.

"Na weye hata sokoni unazunguka mpaka nyanya zinaoza, unaulizia bei kwa kila mama, halafu unarudi na kitunguu."

Josée aliwasikiliza wote wawili. Aliona kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli, kwa hiyo hakubadilisha kitu.

Kisha Bukavu ikaanguka mikononi mwa waasi, na wanajeshi wa serikali wakaanza kurudi nyuma kupitia tambarare, wengine kwa magari, wengi kwa miguu, wakiingia katika nyumba za watu njiani. Josée alitaka kuusimamisha mchezo. Wachezaji wakamwomba asifanye hivyo. Katika simu zao hicho ndicho kitu pekee ambacho hakikuwa habari mbaya. Basi akatuma hatua mpya: msafara umebanwa na lazima uvuke mto. Njia zilikuwa kuanzia A hadi H. Ya E ilisema: "Kuna kivuko chini ya Kiliba. Maji yamepungua, mchanga umeonekana, watu wanavuka kwa miguu bila shida." Hiyo E ilikuwa mtego. Ambaye angeichagua, chumvi yote ingezama.

Hakuna aliyejibu jioni ile.

Asubuhi ujumbe wa sauti uliingia kutoka kwa Mama Concilie, mdogo wa mama yake, aliyekaa Runingu na wajukuu wake. Mume wake, Gaspard, alikuwa amekwisha kuvuka mpaka, akawa anawangoja Gatumba.

"Josée, mwanangu, usihangaike juu yetu. Minye na watoto tunatoka sasa. Barabara kubwa iko na wanajeshi, wanaiba. Tunaenda mtoni, chini ya Kiliba. Wanasema maji yamepungua, mchanga umeonekana, watu wanavuka kwa miguu bila shida."

Josée alirudia kuusikiliza. Mama Concilie hakuwa akisema namna hiyo. Yale yalikuwa maneno yaliyoandikwa, na aliyeyaandika ni yeye.

Alipiga simu. Haikupatikana. Akapiga tena. Ndipo akaandika kwenye kikundi: "Nani ametuma E nje?"

Jibu lilichelewa, kisha sauti ya Nyandwi ikaja, ya chini, akimwita yaya, dada mkubwa, kama kawaida yake.

"Yaya, ni minye. Nilishindwa kuchagua, zilikuwa mingi. Nikakata ile ya E peke yake, nikamutumia mujomba wangu, nikamuuliza: hii iko nzuri? Yeye anajua mto. Hakunijibu. Nafikiri aliipeleka kwa kikundi cha kanisa ya Runingu."

"Waandikie kwamba ni mchezo!"

"Nimeandika, Yaya. Mumoja anasema, nani anacheza mchezo wakati huu? Mwingine anasema tunataka wabaki hapa wafe."

Sasa kikundi kizima kiliamka. Kila mtu alikuwa na wazo. Apigiwe padri. Redio itangaze. Atafutwe mjomba kwanza, yeye ndiye afute. Jumbe zikazidi, na Pitchou, kwa nia njema kabisa, akazipanga: A, padri, B, redio, C, mjomba. Alipofika G, kwamba wangoje kidogo, pengine wamekwisha kugeuka wenyewe, Marie-Rose akamtukana, mwingine akamtetea, na mjadala ukaanza kuhusu C na D. Upande wa kaskazini kitu kizito kililia, madirisha yakatetemeka.

Josée aliitazama orodha ile. Ilikuwa imeandikwa vizuri, kama za kwake.

Akafunga kikundi, ili yeye tu aweze kuandika. "Nyandwi, panda baiskeli, nenda mtoni sasa hivi. Marie-Rose, piga namba ya Mama Concilie bila kuacha. Pitchou, mtafute Gaspard Gatumba, mwambie mke wake anakuja, amngoje. Msijadili."

Baada ya hapo hapakuwa na la kufanya. Nje watu walipita na magodoro kichwani, wengine wakielekea Kavimvira kwenye forodha, wengine kusini, wakikutana barabarani na kutazamana kana kwamba kila mmoja anamshangaa mwenzake. Josée aliisoma tena E, akitafuta namna yoyote ambayo ingeweza kuwa kweli. Usiku mvua ilikuwa imepiga bati mpaka alfajiri. Kati ya nyumba mbili aliliona ziwa, na lilikuwa na rangi ya udongo mbali sana kutoka ufukweni. Hayo ndiyo maji yaliyotoka mtoni. Akaigeuza simu kifudifudi mezani, kisha akaigeuza tena upesi, asije akakosa kuona mwanga wake.

Nyandwi alipopiga, nyuma yake kulikuwa na mvumo.

"Yaya, niko nao. Iko bantu wengi. Maji iko mingi, iko nabeba miti. Mutu mumoja aliingia mpaka kifua, wakamuvuta kwa kitenge. Lakini wanasema hapa haiko penyewe, ati kivuko iko chini zaidi. Wanaitafuta."

"Waambie hakipo."

"Nimewaambia. Wanasema nimetumwa."

"Weka sauti ya nje."

Mvumo uliongezeka. Mtoto alikuwa akilia, na mbuzi pia.

"Mimi ni Josée, binti wa Marie-Jeanne, wa Rugenge," alisema, na sauti yake ambayo siku zote ilikuwa ndogo ikambidi aipandishe. "Kivuko hicho nilikitunga. Hakiko hapo, wala juu, wala chini."

"Ulikitunga juu ya nini?" mwanaume mmoja aliuliza.

"Ni mchezo, baba."

"Mchezo!" Mtu alicheka, kicheko kibaya.

"Josée." Huyu alikuwa Mama Concilie. "Ni weye uliandika kama mchanga umeonekana?"

"Ni minye, Mama Mdogo."

"Bila kuuona."

"Bila kuuona."

Mama Concilie alisikika akiwaita watoto warudi nyuma.

"Sasa kama haiko huku, tupite wapi?"

Josée alifungua mdomo. Wangeweza kurudi Runingu wajifungie. Wangeweza kujificha kwenye mpunga mpaka wanajeshi wapite. Kulikuwa na barabara kubwa, kulikuwa na njia za ng'ombe nyuma ya Kiliba. Kila moja ilikuwa na ubaya wake, na hakujua upi ulikuwa mdogo. Angeweza kuwatajia zote kwa haki, pamoja na hatari zake, halafu wachague wenyewe. Kesho hakuna ambaye angemlaumu.

"Mnaweza kurudi Runingu," alianza, "au..."

"Usinihesabie njia, mwanangu. Niko na watoto. Nipe moja."

"Barabara kubwa," Josée alisema. "Mpaka Kavimvira. Mtembee wote pamoja, msiachane. Mimi nitakuwa pale."

"Na wanajeshi?"

"Wapo. Sijui watafanya nini."

"Haya," alisema Mama Concilie, na simu ikakatika.

Josée aliufunga mlango, akatembea mpaka Kavimvira. Wabadilishaji pesa walikuwa wameondoka, zilibaki meza zao tu, na mstari wa watu ulitoka kwenye kizuizi cha forodha mpaka macho yasikofika. Alisimama akitazama kaskazini. Alikifungua tena kikundi, labda kuna mwenye habari.

"Gaspard anangoja ng'ambo," Pitchou aliandika. Kisha, baada ya kitambo: "Tatizo si machaguo. Tatizo ni kukata."

"Alikata kwa sababu hayakumezeka," akajibu Marie-Rose.

Josée aliwaza kwamba kama Nyandwi angekuwa na mawili tu mbele yake, angetuma yote mawili, na mjomba angeona mara moja kwamba ni mchezo. Lakini pia ni yeye aliyeingiza mto wa kweli. Hakuweza kuamua lipi lilitangulia, na barabarani watu walikuwa wakija, akaacha kuwaza.

Walifika jua likiwa limeanza kushuka. Aliwatambua wajukuu kwanza, matope mpaka magotini, halafu Mama Concilie na bunda moja mgongoni. Walipoachana Krismasi alikuwa amenenepa. Sasa shingo yake ilionekana nyembamba. Josée alitaka kumkumbatia, ila yeye alianza kuzungumza kabla.

"Baiskeli ya Gaspard wamechukua. Na sufuria, na unga. Utamwambia weye mwenyewe."

"Nitamwambia, Mama Mdogo."

"Vizuri."

Nyuma yao walikuja watu wa mtoni, mafungu kwa mafungu, na kati yao yule aliyeingia mpaka kifua, amejifunga kitenge cha mwanamke. Josée alimtafuta Nyandwi, hakumwona.

"Wanaume wawili walikataa kuja," Mama Concilie alisema. "Walisema utakuwa umedanganya mara ya pili. Walifuata ukingo kwenda chini, wakitafuta mchanga. Nyandwi amewafuata."

Josée alipiga namba ya Nyandwi. Haikupatikana. Mstari ulisogea, na Mama Concilie akamvuta mkono waingie pamoja.

"Tangulieni. Baba Mdogo Gaspard yuko ng'ambo tu."

"Na weye unangoja nini? Giza linakuja."

"Niliwaambia wote kwamba nitakuwa hapa."

Mama Concilie alimtazama, akawashika watoto, akaingia kwenye mstari. Josée alivuka barabara, akasimama upande ambao mtu anayetoka Kiliba angemwona kwanza, akapiga tena.