Paneli ya Mama Generose

Nyumba zilikuwa tisa, mpya, chini ya mlima hapa Uvira, na kazi yangu ilikuwa kupanga umeme wake. Paneli zote za jua zikae juu ya paa moja, betri ziwe pamoja, kila nyumba ipate taa, na pampu ivute maji ya kisima. Hakuna jenereta, hakuna moshi. Wenye nyumba walikuwa wamekimbia vita Sange, na kila mmoja alikubali kutoa paneli aliyokuja nayo. Mmoja tu alikataa, na kwa bahati yangu ndiye aliyenizaa.

Mama Generose alikuwa hajawahi kufunga paneli yake juu ya paa. Asubuhi aliianika uani kama mihogo, jioni aliiingiza ndani. Bondeni kwetu Sange wengi hufanya hivyo, maana risasi zikilia unaitia kichwani unaondoka. Mimi, binti wa bonde hilohilo, nilichora mpango wangu bila kukumbuka jambo hilo. Na bila paneli yake, kubwa kuliko zote, pampu isingevuta hata tone.

"Charlotte, minye siwezi kulala mu nyumba yenye taa yake siwezi kubeba," alisema.

"Mama, utakaa na mizigo mulangoni mpaka lini?"

Nina hasira za karibu, na nilipandisha sauti. Yeye akanisogezea sahani ya ndagala, dagaa wa ziwa letu.

"Kula kwanza, kisha ugombane."

Nilimnunia wiki nzima. Kisha akamwona Délice, jirani yetu aliyetoka kujifungua kwa upasuaji, akishuka ziwani kuchota maji na bidoni huku ameshika tumbo kwa maumivu. Kesho yake mama alikuja na paneli kichwani, akaitua miguuni pangu. Niliifunga kwa bolti, na pampu ikaanza kuvuta maji. Nikamwahidi kwamba siku ya kukimbia nitaifungua mwenyewe.

Siku hiyo haikukawia. Milio ya bunduki ilisikika kutoka upande wa Sange, watu wakaanza kuelekea mpaka wa Burundi. Nilipanda paani na spana. Nilikuwa nimeshalegeza bolti ya kwanza ngazi ilipotikisika.

"Kaza, kisha ushuke," mama alisema.

"Mama, ni yako. Nilikuahidi."

"Délice iko na kidonda, hawezi kutembea mpaka mupaka. Unataka anyweshe mutoto maji ya ziwa?"

"Basi tuiache, twende."

"Weye nenda. Minye nilishakimbia sana, mwanangu. Nani atamuchotea maji?"

Nilikaza bolti huku nikilia kwa hasira na woga. Nikashuka, nikamkumbatia, nikamwambia nampenda, neno ambalo kwetu mtu halisemi ovyo.

"Unanibana," akacheka. "Acha nipumue."

Barabarani watu walikuwa wakipita na magodoro na watoto mgongoni. Mimi nilichukua bidoni ya Délice, mama akafungua bomba, tukasubiri ijae.