Kivuli cha Baraza la Simbeiyo

Jumanne asubuhi, kabla ya wenye hoteli kuanza kuulizia maziwa ya chai ya saa nne, lori la Surjit lilisimama kando ya ofisi za Baraza la Mji wa Simbeiyo, na vijana wawili wakashuka na msumeno wa injini. Simbeiyo ni mji mdogo kwenye barabara ya kutoka Elburgon kwenda Molo. Una benki inayofunguliwa siku ya soko na makanisa mengi kuliko vyoo, na wakati huo, Aprili ya mwaka 2007, ulikuwa pia na mti mkubwa wa mutamaiyo, mzeituni wa mwituni, ambao hakuna aliyejua umri wake.

Chini ya mutamaiyo huo Milcah aliuza maziwa. Aliifunika mikebe yake kwa gunia lililoloweshwa maji, na kivuli kikafanya kazi iliyobaki. Juani maziwa yangekatika kabla ya adhuhuri, na mwenye hoteli ambaye chai yake imekatika mbele ya wateja harudi tena, hata ukimsalimia kanisani.

Mti ulikuwa unakatwa kwa sababu ya mazingira. Baraza lilikuwa limeandaa Siku ya Kupambana na Mabadiliko ya Hali ya Hewa, mgeni wa heshima alikuwa anatoka Nakuru, na hema la wageni halikutoshea popote isipokuwa pale mti uliposimama. Karani wa baraza, Bwana Mathenge, alikuwa amejaribu kila upande. Kati ya hema na mti, kimoja ilibidi kiondoke, na hema ndilo lililokuwa na risiti.

"Mama, songa kidogo," kijana mwenye msumeno alimwambia Milcah.

"Utaangukia upande gani?"

"Ule hauna maziwa."

Mti ukaangukia upande huo. Vijana wakaukata vipande, wakapakia lori, wakafagia unga wa mbao. Walipomaliza, kivuli kilikuwa bado pale. Kilikuwa kimelala chini kama kawaida, na matawi yake yote, na lile pengo ambapo radi iliwahi kuvunja tawi. Upepo ulipovuma kilitikisika. Surjit, mwenye kiwanda cha mbao kama baba yake na babu yake, alishuka, akakizunguka, akakigusa kwa ncha ya kiatu.

"Boss, na hii?" kijana akauliza.

"Mimi nilinunua mti," alisema Surjit. "Kivuli si mbao. Hiyo wacha hapo."

Milcah akarudisha mikebe yake mahali pake.

Siku yenyewe ilifana. Hema lilisimamishwa juu ya kivuli, kwa hivyo wageni walikaa kivulini mara mbili na wengine wakaagiza sweta zao zitolewe kwenye gari. Mgeni wa heshima alihutubia kuhusu msitu wa Mau, mito inayokauka, na wananchi wanaokata miti ovyo. Kisha akapanda mche. Kama ilivyo desturi, shimo lilikuwa limeshachimbwa na jembe limefungwa utepe. Mgeni akaushusha mche shimoni ukiwa bado ndani ya mfuko wake wa nailoni, kwa sababu hakuna anayemkosoa mgeni wa heshima mbele ya wapiga picha. Mizizi ikazikwa imefungwa. Kando yake kikasimamishwa kibao chenye jina la mgeni, kirefu kuliko mche, na hicho kilishika vizuri sana.

Hema lilipoondolewa, wazee waliozoea kucheza drafti pale walirudi, mbuzi wakarudi, na Milcah akarudi. Watu walikiangalia kivuli jinsi mtu anavyomwangalia jirani aliyekataa kuhama, halafu wakazoea. Mche ulikauka mwezi wa Juni. Mwezi huohuo, Bwana Mathenge akatoka ofisini na tai yake.

"Hapa uliruhusiwa kukaa chini ya mti," alimwambia Milcah. "Sasa niambie, mti uko wapi?"

"Si mliukata, Bwana Karani."

"Kwa hivyo uko chini ya nini?"

"Kivuli."

"Cha nani?"

Milcah alifikiria. "Cha mti."

"Mama, mti uko kwa Surjit. Ufuate huko."

"Lakini nimekaa kwa hiki kivuli tangu kikiwa na mti."

"Ndiyo maana nakuambia kwa heshima," alisema Bwana Mathenge.

Baraza lilikuwa limeketi wiki hiyo na kupitisha kwamba kivuli ni mradi wake. Hakikuhitaji maji, hakikudondosha majani, na hakikuwa na chama cha wafanyakazi. Wajumbe walikuja kutoka mabaraza mengine kukitazama, wakauliza kilihitaji semina ngapi. Madiwani, ambao uchaguzi ulikuwa mlangoni mwao, wakaahidi kila kata kivuli cha namna hiyo, na ili kuanza na mfano, wakapeleka msumeno kwenye jakaranda za barabara ya hospitali. Jakaranda zikaanguka, na vivuli vyake vikaondoka nazo. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakafungua miavuli. Bwana Mathenge aliwaeleza madiwani kwamba miti ile haikuwa imehamasishwa vya kutosha. Hata hivyo nguzo zilipatikana, na kwa nguzo hizo kivuli kikajengewa ua.

Ndani ya ua yakaegeshwa magari ya madiwani. Milcah akabaki nje, juani. Maziwa yakakatika siku ya kwanza, na ya pili. Akayauza kama mala, maziwa ya mgando, hadi mji mzima ukachoka na mala. Hoteli zikaanza kununua maziwa ya pakiti, moja baada ya nyingine, na mwenye hoteli ya mwisho akamwambia, "Mathe, si mimi. Ni chai."

Kivuli, hata hivyo, hakikai mahali pamoja. Asubuhi kilipanda ukuta wa ofisi na kuingia dirishani kwa Bwana Mathenge. Adhuhuri kilikuwa cha magari. Alasiri kilipita chini ya waya wa ua, kikatoka upande wa mashariki na kujilaza kwenye nyasi za watu wote. Milcah alihamia upande huo. Maziwa ya asubuhi yalikuwa yamempotea, lakini akaanza kuuza ya jioni, na watu wa jioni wakaanza kumjua.

Bwana Mathenge alimwona kupitia dirisha. Akamwita Kimaiyo, askari wa baraza.

"Kivuli cha baraza kinatoka nje ya ua saa za kazi," alisema. "Kizuie."

"Na nini, mkubwa?"

"Si uko na rungu?"

Kimaiyo akasimama kwenye ua na rungu lake. Alasiri kivuli kilifika kwenye buti zake, kikazipanda, kikaendelea.

"Sasa Kimaiyo," alisema Milcah, akimimina maziwa, "umeshika ama umeachilia?"

"Mathe, usinichokoze niko kazini."

"Mimi naona ni kama wewe ndio umeshikwa."

Kimaiyo alijitazama. Kivuli kilikuwa kimemfika kwenye mshipi. "Lakini kina baridi poa," alisema, na akakubali kikombe.

Kesho yake aliripoti kwamba kivuli kilikaidi amri. Baraza likaketi, likagundua kwamba kivuli hakina kosa, ua ndio mdogo. Ukasongezwa mashariki, kwa nguzo kutoka kwa miti ya nyuma ya shule ya msingi. Milcah akahamia mbele ya ua mpya, ambapo kivuli kilifika kimechelewa. Ua ukasongezwa tena, kwa nguzo kutoka ukingo wa mto. Kufikia Novemba alikuwa anauza maziwa jua likielekea kuzama, na kutoka ofisini alionekana mdogo kama kuku.

Jioni moja Kimaiyo alikuja na nyundo na roli ya waya begani.

"Mathe, kesho tunasonga tena."

"Na nguzo mnatoa wapi?"

Kimaiyo aliangalia huku na huku. Hadi barabarani hakukuwa na kitu kirefu kuliko ng'ombe. "Mau," alisema. "Bwana Karani ameshaita lori."

Milcah akafunika mkebe.

"Basi weka hizo waya chini, nishikie upande huu," alisema. Wakaubeba mkebe wakiwa wawili, wakaelekea mashariki. Kivuli kilikuwa kimeshatangulia.